Ari ya Mtoto Darasani Hainunuliwi

Mtoto wa chekechea huingia darasani akiwa tayari na ari. Huuliza maswali, huchora na kuimba bila kusukumwa. Baadhi huipoteza ari hiyo mapema, na kuirudisha huwa kazi ngumu. Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, iliikabidhi serikali ya kaunti elimu ya chekechea. Lakini ari ya mtoto hulindwa na mwalimu na mzazi.

Zawadi na kiboko

Mwaka wa 1973, watafiti Mark Lepper, David Greene na Richard Nisbett wa Marekani walichapisha matokeo ya jaribio kuhusu watoto wadogo waliopenda kuchora. Kundi moja liliahidiwa cheti likichora. La pili lilipewa cheti bila kuahidiwa, na la tatu halikupewa chochote. Baadaye, watoto walipoachwa wacheze wapendavyo, walioahidiwa cheti ndio waliochora kwa muda mfupi zaidi. Mchezo ulikuwa umegeuka kazi ya malipo.

Pongezi zisizotarajiwa hazikuleta hasara hiyo. Kwa hivyo mtoto apongezwe, ila asizoeshwe kusoma kwa sababu ya peremende.

Kiboko nacho hakisaidii, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inakataza adhabu hiyo. Mtoto anayeogopa kuchapwa hainui mkono hata anapojua jibu.

Yanayojenga ari

• Kuweza: Mtoto anayehesabu vizibo 5 vya soda aongezewe hadi 6 au 7, si 50. Akiona anasonga mbele, atataka kuendelea.

• Kuchagua: Aachiwe kuamua mambo madogo, kama vile kuanza na kuchora au kufinyanga.

• Kukubalika: Aitwe kwa jina lake na asikilizwe katika lugha anayoielewa.

Nyumbani

Badala ya kuuliza, "Umekuwa nambari ngapi?" mzazi aulize, "Leo umejifunza nini? Nionyeshe." Anapomsifu, ataje alichofanya: "Herufi hii umeiandika vizuri kuliko jana."

Mtoto akizubaa darasani kila siku, mzazi na mwalimu wachunguze kwanza iwapo amekula, anaona ubao na anasikia vizuri. Wakishuku tatizo la macho au masikio, apelekwe kituo cha afya kilicho karibu. Asiitwe mvivu kabla ya hayo kujulikana.