Mbio za kijiti: mashindi iko mu kupokezana



Wengi wetu tulitoka ku iniversite na lisansi, na kazi ya kwanza tuliyopata ni ya kufundisha. Mwenye alisoma agronomi anapewa bioloji mu sekondari, na kama masaa yake ni kidogo, prefe anamuongezea jimu. Anafika mu kiwanja na wanafunzi 50 ao 60, mpira mmoja, na hakuna mtu alimuonyesha namna ya kufundisha jimu. Mwisho wake tunaujua: watoto 22 wanacheza, wengine wanakaa chini ya mti wakipiga habari mpaka kengele inalia.

Iko mchezo mmoja wenye unaweza kuingiza klasi nzima bila feza mingi: mbio za kupokezana kijiti, zile tunaita rele. Tena unafundisha jambo lenye masomo yetu inafundisha kidogo sana. Tangu shule ya msingi kila mtoto anapewa pointi zake peke yake, nafasi yake peke yake. Kisha anamaliza masomo, tunamuambia: sasa fanya kazi na wenzako. Aliijifunza wapi?

Kijiti cha mashindano kina urefu wa sentimetre 28 mpaka 30, na uzito usiopungua gramu 50. Kwa Kifaransa kinaitwa témoin, ni kusema shahidi. Jina linafaa, juu mwamuzi haangalii miguu ya mkimbiaji iko wapi, anaangalia kijiti kiko wapi. Mu mbio za 4 × 100, kijiti lazima kitoke mkono mmoja na kuingia mwingine ndani ya eneo la metre 30. Kikipita mbele ao nyuma ya eneo hilo, ekipe nzima inatolewa, hata kama ilifika ya kwanza. Kikianguka, mwenye amekiangusha njo anakiokota.

Kwa kuelewa nguvu ya kupokezana, tuangalie michezo ya Olimpiki ya Rio, mwaka 2016. Ekipe ya wanaume ya Japani ilikuwa na Yamagata, Iizuka, Kiryu na Cambridge. Siku ile, hakuna hata mmoja wao alikuwa amekwisha kukimbia metre 100 chini ya segonde 10. Nyakati zao bora zilikuwa 10,05, 10,22, 10,01 na 10,10. Ukijumlisha unapata 40,38. Lakini mu finali walimaliza na segonde 37,60, wakawa wa pili nyuma ya Jamaika ya Usain Bolt. Marekani, yenye wakimbiaji wa kasi kuliko hao, ilifika ya tatu, kisha ikatolewa juu ya kosa la kupokezana. Miaka 8 mbele ya pale, ku Beijing 2008, ekipe zake mbili, ya wanaume na ya wanawake, ziliangusha kijiti mu mbio za kuchuja.

Zile segonde karibu 3 za Wajapani zilitoka wapi? Paka mkimbiaji wa kwanza njo anaanza akiwa amesimama. Wale wengine watatu wanapokea kijiti wakiwa wamekwisha kuchukua mwendo. Tena, kama mtoaji amenyoosha mkono mbele na mpokeaji amenyoosha wake nyuma, kijiti kinaruka nafasi ile yote bila mtu kuikimbia. Wajapani walifanya mazoezi ya kitu hicho kwa miaka mingi. Ni kazi inayofundishika, na inafundishika hata mu kiwanja chetu chenye mawe na vumbi.

Sasa tuingie mu kazi yenyewe. Masaa manne yanatosha kuanza.

Saa ya kwanza ni ya kupima. Kata tiyo ya plastiki ao tawi la mti, sentimetre 30, moja kwa kila ekipe. Pima metre 50 kwa kamba, weka mstari wa majivu, na kwa krono ya telefone andika wakati wa kila mwanafunzi. Kisha unda ekipe za watu wanne kwa hesabu: mmoja wa kasi, wawili wa katikati, mmoja wa polepole, ili jumla za ekipe zote zikaribiane. Usiwaache wajichague. Wakijichagua, wenye mbio watakwenda pamoja, na yule wa mwisho ataitwa na mwalimu, kila mtu akiangalia.

Saa ya pili, hakuna kukimbia. Wanne wanasimama mstari mmoja, wanatembea, kijiti kinatoka nyuma kwenda mbele. Mtoaji anasema kwa sauti: “Shika!” Mpokeaji ananyoosha mkono nyuma na hageuki. Wa kwanza anabeba mu mkono wa kuume, wa pili anapokea kwa kushoto, wa tatu kwa kuume, wa nne kwa kushoto. Hakuna kuhamisha kijiti toka mkono huu kwenda ule. Mtoaji haachilii mpaka asikie mwenzake amekamata. Wakizoea kutembea, wakimbie polepole, kisha kwa nguvu.

Saa ya tatu ni ya alama ya kuondoka, na hapa njo siri iko. Mpokeaji anahesabu nyayo zake 15 ao 20 kuelekea kule mwenzake atatokea, anaweka jiwe kando ya njia. Mtoaji akifika pale ku jiwe, mpokeaji anaondoka mbio, bila kungojea. Kama mtoaji anamgonga mgongoni, mpokeaji amechelewa: jiwe lisogezwe mbali. Kama mtoaji hamfikii, mpokeaji amewahi mno: jiwe liletwe karibu. Waache wasahihishe wenyewe. Utashangaa: badala ya kuambiana “wewe uko mzito,” wanaanza kuambiana “tuongeze nyayo mbili.”

Saa ya ine ni mashindano. Weka wakimbiaji kuzunguka kiwanja cha mpira, kila mmoja na metre 50 zake, na kona zikimbiwe kwa mviringo. Halafu urudi ku karatasi ya saa ya kwanza. Tuseme ekipe moja ilikuwa na 8, 8,5, 9 na 9,5: jumla 35. Wakimaliza na 36, wamepoteza segonde moja mu mikono. Wakimaliza na 33, wamepata segonde mbili zenye hakuna hata mmoja wao alikuwa nazo. Toa pointi kwa tofauti hiyo, si kwa nafasi ya kufika. Hapo mtoto wa polepole anaweza kuwa mu ekipe ya kwanza, na hesabu inaonyesha wazi kama hakupewa kwa huruma.

Ku Kivu hapa, mu klasi moja utakuta watoto wa kata na watoto wenye walikuja juzi wakikimbia vita. Wengine hawajaongea na jirani yao wa banki. Sisemi kijiti kitamaliza mambo hayo. Lakini mtu hawezi kunyoosha mkono nyuma bila kuangalia kama hamuamini mwenye anakuja, na imani hiyo haitoki mu hotuba ya mwalimu. Inatoka mu kurudilia mara 30, mpaka mkono ujue kama kijiti kitafika.

Sisi wa agronomi tunaijua hadithi hii kwa upande mwingine. Miche ya shu inakomaa vizuri mu pepinyeri, halafu inahamishwa saa sita ya jua kali, bila maji, inakauka. Mbegu ilikuwa nzuri, udongo ulikuwa mzuri. Imekufa kati ya mwenye kuotesha na mwenye kupanda. Na kama tukiangalia miradi ya vyama vyetu sisi wasomi, ngapi zilikufa siku komite ya zamani ilitoka bila kuacha hata kayé moja kwa komite mpya?

Kwa hiyo ndugu mwalimu, juma hili usitupe mpira peke yake. Kata tiyo nne, kopesha telefone yenye krono, anza na kupima. Na wewe mwanafunzi mwenye hufundishi bado, jaribu na wenzako watatu siku ya posho. Hesabuni jumla yenu mbele, mkimbie, kisha muone kama mikono yenu imeongeza ao imepunguza.