Barafu ya Friedrich na merikebu iliyoshindwa

Mchoro wa Caspar David Friedrich uitwao Bahari ya Barafu, aliouchora mwaka 1823 na 1824, humlazimisha mtazamaji kuitafuta merikebu. Jicho hunaswa kwanza na mabamba ya barafu yaliyopandana katikati, ncha zake zikichoma anga. Merikebu iko pembeni, upande wa kulia, imelala ubavu na karibu yote imekwisha kumezwa. Mtu hayupo hata mmoja, si mzima wala maiti.

Turubai lenyewe si kubwa: kimo chake hakifiki mita moja, na upana ni kama mita 1.27. Kinachotisha ni uwiano. Friedrich ameifanya merikebu kuwa ndogo, na papo hapo barafu ikageuka mlima.

Hofu ya namna hii ilikuwa na wateja wake Ulaya. Mwaka 1757 mwanafalsafa Edmund Burke alikuwa ameeleza kwamba kitu cha kutisha, kikitazamwa na mtu aliye salama, humpa raha ya aina yake. Wachoraji wa enzi ya Uromantiki waliichota hoja hiyo kila mmoja kwa kata yake. Turner wa Uingereza alizungusha theluji, moshi na mawimbi hata meli isijulikane imeanzia wapi, kama katika mchoro wake wa tufani wa mwaka 1842. Kwangu mimi, Friedrich ni mkali zaidi. Tufani ya Turner bado inapigana na meli; kwa Friedrich vita vimekwisha, na anga la samawati limetulia kana kwamba hapakutokea kitu.

Tena Friedrich mwenyewe hakuwahi kufika Aktiki, kwenye bahari ya barafu kama hiyo. Barafu aliichunguza nyumbani Dresden, kwenye mto Elbe, katika majira ya baridi ya 1820 na 1821, akachora vipande vyake kwa rangi ya mafuta. Tazama mabamba ya mbele: si meupe, yana kahawia na manjano, yamevunjika kama mawe ya machimbo. Wapo wanaouhusisha mchoro na mdogo wake aliyekufa maji mwaka 1787. Huenda, lakini kazi hii haihitaji msiba wa nyumbani ili ieleweke.

Wanunuzi hawakuitaka. Friedrich alifariki mwaka 1840 ikiwa bado haijauzwa. Leo imo katika jumba la sanaa la Hamburger Kunsthalle, Ujerumani.