Maana 645 za neno moja

Peter Gilliver, mhariri wa Kamusi ya Kiingereza ya Oxford, alitumia takribani miezi 9 kushughulikia neno moja la herufi 3: “run”. Watoto wetu hulipata mapema sana darasani, wakaambiwa maana yake ni kukimbia, na somo likaendelea. Mwaka 2011 yalipojulikana matokeo ya kazi ya Gilliver, kitenzi hicho peke yake kilikuwa kimegawanywa katika maana 645. Kabla ya hapo neno lililoongoza lilikuwa “set”. Katika toleo la pili la kamusi hiyo, la mwaka 1989 lenye juzuu 20, “set” lilipewa maana zipatazo 430 na maelezo yaliyokaribia maneno 60,000.

Hesabu kama hiyo humkatisha tamaa mtu anayejifunza lugha, na haipaswi. Mhariri wa kamusi ndiye anayeamua maana moja inaishia wapi na nyingine inaanzia wapi. Saa inayotembea, injini inayofanya kazi, programu inayoendeshwa kwenye kompyuta: zote hizo ni “run”, na mhariri mmoja angeziweka pamoja pale ambapo mwenzake angezitenganisha. Kamusi ya Oxford hutenganisha sana kwa sababu ni ya kihistoria. Kila matumizi huandamana na mifano ya maandishi yenye tarehe, ili msomaji aone yalivyoanza na yalivyobadilika.

Kuna jambo jingine la kutofautisha. Kwetu, kaa ni mnyama wa baharini, ni kipande cha moto jikoni, na ni kitenzi cha kuketi au kuishi mahali. Hayo ni maneno matatu yaliyokutana kwenye sauti tu, na kamusi zetu huyaorodhesha kila moja peke yake. Wanaisimu huiita hali hiyo homonimia. Kichwa ni habari nyingine: kichwa cha mtu, kichwa cha habari, kichwa cha treni. Neno ni moja, limetanuka, na hiyo ndiyo polisemia. “Set” lina yote mawili ndani yake, kwani nomino yake ya kundi la vitu kwa sehemu ilitoka Kifaransa cha Kale, kutoka Kilatini “secta”, nje kabisa ya ukoo wa kitenzi. “Run” lina ukoo mmoja.

Ukoo huo tangu zamani ulihusu mwendo wa miguu na mtiririko wa maji kwa pamoja. Ndugu yake wa Kijerumani, “rinnen”, hadi leo husemwa juu ya vitu vya majimaji. Kwa hiyo Mwingereza mwenye mafua anaposema pua yake “is running”, hajachukua picha ya miguu akaipachika puani. Anatumia maana kongwe kabisa ya neno.

Kwa maoni yangu, sehemu yenye utajiri zaidi ni inayofuata, na mzungumzaji wa Kiswahili ana ufunguo wake tayari. Sisi tuna kimbia na kimbiza, enda na endesha, keti na ketisha. Kiambishi kidogo tu kinatuonyesha kama mtu anafanya mwenyewe au anasababisha. Kiingereza cha Kale nacho kilikuwa na jozi kama hizo: kitenzi cha kukimbia kilikuwa na mwenzake, “ærnan”, kilichomaanisha kukimbiza, hasa farasi. Tofauti hiyo ilipotoweka, “run” likabaki na kazi zote mbili. Farasi “runs”, na mwenye duka naye “runs” duka lake, yaani analiendesha. “Set” lenyewe lilizaliwa kama ketisha ya “sit”.

Endesha yetu imepita njia ileile. Tunaendesha gari, tunaendesha biashara, kesi, semina. Na mama akifika zahanati akasema mtoto anaendesha tangu jana, muuguzi anajua ni tumbo, anauliza mara ngapi na kama anakunywa maji. Kwa Kiingereza cha mitaani, ugonjwa huo huitwa “the runs”. Sioni sababu ya kudhani kwamba lugha moja iliiga nyingine. Zote zilianza na mwendo, zikafika kwenye tumbo.

Baadaye zikaja treni na mitambo ya viwandani, na “run” likazidi kutanuka.

Ndiyo maana siungi mkono orodha za maana ambazo wanafunzi hulazimishwa kukariri. Afadhali wafundishwe kutazama majirani wa neno. “The tap is running”: bomba lipo wazi, maji yanatoka. “She runs the school”: mtu ndiye mtendaji, shule ndiyo mtendwa, basi anaiongoza. “The contract runs for two years”: mkataba ni wa miaka miwili, na Kiswahili hakihitaji hata kitenzi cha mwendo. “The colours ran”: nguo imefuliwa ikachuja. Kisha vinakuja vijineno vinavyolifuata. Likifuatwa na “out”, ni kuishiwa. Likifuatwa na “over”, huenda gari limemkanyaga mtu. Likifuatwa na “into”, ama umegonga kitu ama umekutana na rafiki bila kutarajia. Mfasiri anayeng’ang’ania kukimbia katika sentensi zote hizi anamnyima msomaji habari aliyokuja kuitafuta.

Hata wenye lugha hawatumii neno hili sawasawa. Anayewania ubunge Uingereza husemwa kwamba “stands”, anasimama. Anayewania kiti Marekani “runs”. Magazeti ya Kiingereza ya Kenya hupenda “vie”. Kwa Kiswahili tunasema anagombea, na hapo tena kauli za vitenzi zimefanya kazi yake: mzizi ni gomba, wa ugomvi na kugombana, ukatiwa kauli ya kutendea, ukawa kushindania kitu.