Kutoka kocha wa chuo hadi Ligi Kuu: Mambo manne yanayobadilika

Msimu wa 2024/25, benchi la Singida Black Stars lilianza na Mbelgiji Patrick Aussems, akafuata Miloud Hamdi aliyehamia Yanga Februari 2025, kisha Mkenya David Ouma. Wote walikuwa makocha wa kigeni.

Mkoani humo humo, kuanzia Iramba hadi Manyoni, wapo walimu wanaopika vijana wa vyuo na wa UMISSETA kila mwaka. Je, mmoja wao anaweza kukabidhiwa timu ya Ligi Kuu?

Marekani wamejaribu. Oktoba 2025, timu ya besiboli ya San Francisco Giants ilimchukua Tony Vitello kutoka Chuo Kikuu cha Tennessee. Akawa wa kwanza kuruka moja kwa moja kutoka chuoni hadi kuongoza timu ya ligi kuu ya mchezo huo bila kuwahi kufundisha wachezaji wa kulipwa. Kwa nini wengine hawaruki hivyo? Sababu ni hizi.

1. Leseni kwanza

Ngazi za CAF zinaanza D, C, B, A hadi Pro. Kupata ubingwa wa vyuo hakukurushi ngazi hata moja. Na hili si la makocha wadogo tu. Mwaka 2021, Didier Gomes wa Simba alikwama kukaa benchi Ligi ya Mabingwa Afrika kwa sababu leseni yake ya UEFA A haikukidhi masharti ya CAF. Klabu ikalazimika kumtumia Thierry Hitimana.

2. Mashindano mafupi, ligi ndefu

UMISSETA ngazi ya taifa inaisha ndani ya wiki chache. Ukitolewa, una mwaka mzima wa kujipanga. Ligi Kuu ina timu 16 na mechi 30. Leo mko Mbeya, wiki ijayo Dar, wachezaji wawili majeruhi, mmoja ana kadi nyekundu. Kocha wa chuo anajua kuiandaa timu iwake kwa wiki mbili. Kwenye ligi lazima iwake miezi tisa. Ukipoteza mechi tatu mfululizo, kibarua kinaanza kuota nyasi.

3. Mamlaka

Mwanafunzi anakutii kwa sababu wewe ni mwalimu. Akichelewa, anazunguka uwanja mara kumi, yameisha. Mchezaji wa kulipwa ni mtu mzima mwenye mkataba, familia na wakala, na pengine analipwa kuliko kocha wake. Huyo hatishwi, anashawishiwa. Akiwekwa benchi anataka sababu, na sababu hiyo isipoeleweka, vyumba vya kubadilishia nguo vinagawanyika.

4. Presha ya bosi na mashabiki

Chuoni unafundisha vijana uliowakuta, na kazi yako ni kuwakuza. Klabu inasajili mchezaji aliyeiva, halafu inataka pointi Jumamosi. Kijana anayehitaji mwaka mmoja kukomaa anaweza kukugharimu kazi kabla hajakomaa.

Mwalimu anabeba nini?

Anabeba vitu ambavyo makocha wengi hawana: uvumilivu, jicho la kipaji, na uwezo wa kumweleza mtu jambo hadi aelewe. Si bure wachezaji wetu humwita kocha "mwalimu". Jose Mourinho alifundisha elimu ya viungo mashuleni Ureno. Louis van Gaal naye alikuwa mwalimu wa somo hilo hilo Uholanzi.

Ila Mourinho hakuruka. Alikuwa mkalimani na msaidizi wa Bobby Robson, wakapita Sporting, Porto na Barcelona. Timu ya kwanza kuiongoza kama kocha mkuu, Benfica, aliipata mwaka 2000.

Kwa kocha wa chuo wa Singida, daraja ni lile lile: timu ya vijana ya klabu, usaidizi kwenye benchi la ufundi, au timu ya Championship, huku leseni zikipandishwa moja moja.

Kwa nini Singida ijali?

Kwa sababu klabu zinapita. Singida United ilipanda Ligi Kuu 2017, ikacheza fainali ya Kombe la FA 2018, na mwaka 2020 ikashuka. Singida Fountain Gate ikaachana na jina la Singida mwaka 2024 na kuhamia Babati, huku Ihefu ya Mbeya ikigeuka Singida Black Stars. Timu ikiondoka, makocha wake wanaondoka na ujuzi wao. Mwalimu wa Kiomboi anabaki.

Lakini naye ana hesabu zake. Mwalimu aliyeajiriwa na serikali ana mshahara wa uhakika na mafao ya uzeeni. Akiacha ajira kwa mkataba wa klabu unaoweza kuvunjwa baada ya miezi mitatu, familia nzima inayumba.

Ndiyo maana hatua ya kwanza yenye akili si kuacha kazi. Ni kusoma leseni wakati wa likizo, na kuomba kukaa kando ya mazoezi ya klabu iliyo jirani. Kwa upande wa klabu, kumfungulia geti mwalimu huyo na kumsaidia ada ya kozi ni gharama ndogo kuliko kuvunja mkataba wa kocha mmoja wa kigeni.