Muhogo wa Newala na gramu 100 za bati: faida ya plastiki inayooza iko wapi?

TANGU Tanzania ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki Juni 1, 2019, wafanyabiashara wa Masasi na Newala, kama wenzao nchini kote, wamehamia kwenye mifuko mbadala. Mingi ya mifuko hiyo imetengenezwa kwa nyuzi za polipropilini, ambayo nayo ni plastiki na haiozi. Ndiyo maana hoja ya kugeuza muhogo wa Uwanda wa Makonde kuwa plastiki inayooza inavutia. Kitaalamu jambo hilo linawezekana. Kibiashara, mwenye mtaji mdogo apige hesabu kwanza.

Kutoka makopa hadi plastiki

Plastiki inayohusika ni aina ya poliesta iitwayo PLA. Wanga wa muhogo au mahindi hugeuzwa sukari, kisha bakteria huichachusha ikawa asidi ya laktiki, ileile inayopatikana katika maziwa ya mgando. Asidi hiyo huondolewa maji, na molekuli zake huungana mbili mbili kuwa pete ndogo iitwayo laktidi.

Hapo ndipo bati linapoingia. Kemikali iitwayo oktoati ya bati huzifungua pete hizo na kuziunganisha kuwa mnyororo mrefu, kwenye joto la nyuzi 180 hadi 200 za Sentigredi. Bila kianzishi cha namna hiyo, kazi ingekwenda polepole mno kwa kiwanda.

Bati hili si lile la kuezekea, ambalo ni chuma kilichopakwa zinki. Ni madini ya aina inayochimbwa na wachimbaji wadogo wa Kyerwa, mkoani Kagera.

Hesabu ya gramu

Machi 2022, bati lilipita dola 40,000 kwa tani katika soko la metali la London. Bei hiyo inatisha, lakini kianzishi hutumika kidogo sana. Chukua mfano wa gramu 100 za bati kwa kila tani ya plastiki: kwa bei hiyo ni dola 4 tu. Bati likipanda mara mbili, mwenye kiwanda ataongeza dola 4 nyingine.

Gerimani ina hesabu tofauti. Mwaka 2003 watafiti wa Taasisi ya Kifalme ya Teknolojia ya Stockholm, Sweden, walichapisha matokeo ya kuitumia badala ya bati. Shabaha ya utafiti wa aina hiyo ni kuondoa wasiwasi wa mabaki ya bati, hasa katika bidhaa zinazoingia mwilini kama nyuzi za kushonea vidonda. Tatizo ni kwamba gerimani hufanya kazi taratibu, na bei yake imepita dola 1,000 kwa kilo, hasa baada ya China kuweka masharti ya leseni kwa mauzo ya nje Agosti 2023. Gramu 100 kwa bei hiyo ni dola 100. Uzi wa hospitali unaweza kubeba gharama hiyo. Mfuko wa sokoni hauwezi.

Gharama iko katikati

Kwa hiyo asiyetaka kupoteza fedha asishawishiwe na habari za madini. Gharama kubwa iko kwenye kuchachusha, kusafisha asidi na kutengeneza laktidi. Kiwanda cha Rayong, Thailand, kinachotumia miwa, kina uwezo wa tani 75,000 kwa mwaka. Cha Blair, jimbo la Nebraska, Marekani, kinachotumia mahindi, kinafikia tani 150,000. Hao ndio washindani.

Newala iko juu ya uwanda ambako maji husukumwa kutoka mabondeni. Kiwanda cha kuchachusha hunywa maji mengi na hakivumilii umeme wa kukatika. Wakazi wa Newala na Masasi wanakumbuka viwanda vya korosho vilivyojengwa kwa mikopo miaka ya 1970 na mwanzoni mwa 1980: vingi vilisimama, na korosho ghafi ikaendelea kupanda meli. Mali ghafi kuwa karibu hakukutosha.

Kabla ya kulipia mzigo

Anayefikiria kuagiza bidhaa za PLA naye awe macho. Plastiki hiyo huoza vizuri katika lundo la mboji lenye joto la karibu nyuzi 58; ikifukiwa shambani inaweza kukaa miaka. Kikombe cha PLA ya kawaida hulegea kwenye nyuzi 60, kwa hiyo hakifai kwa chai ya moto.

Aidha, zipo plastiki zinazouzwa kwa jina la kuoza ambazo hupasuka vipande vidogo tu. Umoja wa Ulaya ulizipiga marufuku Julai 2021. Mnunuzi adai cheti cha kipimo kinachojulikana, kama EN 13432 cha Ulaya, kinachotaka asilimia 90 ioze ndani ya miezi sita. Kisha awaulize NEMC na TBS kabla ya kutuma fedha, kwani kibali hutoka kwao, si kwenye maandishi ya kifungashio.

Kwa mwenye shilingi milioni chache, nafasi iliyo karibu ni wanga wenyewe: muhogo uliokaushwa vizuri, usio na mchanga wala ukungu. Viwanda vya chakula, karatasi, nguo na gundi hutumia wanga. Kiwanda cha PLA kikija siku moja, kitalazimika kushindana nao kwa bei, na mwenye wanga safi ndiye atakayechagua wa kumuuzia.