Mwanamke aliyekataa kuwa pambo la Wasurealisti

MWAKA wa 1928, washairi wawili wa Ufaransa, André Breton na Louis Aragon, walichapisha katika jarida lao makala ya kuadhimisha miaka 50 ya ugonjwa wa histeria. Kwao, ugonjwa huo wa akili, ambao wakati huo ulihusishwa zaidi na wanawake, haukuwa maradhi bali uvumbuzi mkubwa wa kishairi.

Breton alijua alichokuwa akikisema, au angalau alidhani anajua. Alikuwa amesomea udaktari, na wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia alihudumu katika hospitali ya wanajeshi waliorukwa na akili. Mnamo 1924 alitoa ilani iliyoasisi Usurealisti, mkondo wa sanaa unaoshikilia kwamba ukweli mkubwa zaidi umo katika ndoto na katika mawazo yanayobubujika bila kuchujwa. Ndiyo sababu Salvador Dalí akachora saa zinazoyeyuka mithili ya samli juani.

Kwa wanaume hawa, mwendawazimu alikuwa mwalimu, na mwanamke mwendawazimu alikaribia kuwa malaika. Ila malaika huyo alipougua kwelikweli, walimwachia madaktari. Mwaka huo huo wa 1928, Breton alitoa kitabu chake mashuhuri, ‘Nadja’, kuhusu mwanamke aliyekutana naye katika barabara za Paris. Mwanamke huyo hakuwa wa kubuniwa. Jina lake lilikuwa Léona Delcourt, na alikuwa amelazwa katika hospitali ya wagonjwa wa akili tangu 1927. Kitabu kilimletea mwandishi sifa. Léona alifia hospitalini mwaka wa 1941, na Breton hakuwahi kwenda kumjulia hali.

Katika kundi hili ndimo alimoingia Leonora Carrington, binti wa tajiri wa viwanda vya nguo wa Lancashire, Uingereza. Alizaliwa mwaka wa 1917, akafukuzwa katika shule za watawa, na wazazi wake wakampeleka kutambulishwa mbele ya mfalme kwa matumaini kwamba angepata mume wa hadhi yao. Badala yake, mnamo 1937, akiwa na umri wa miaka 20, alimpenda mchoraji Mjerumani Max Ernst, mume wa mtu aliyekuwa na miaka 46, akamfuata Ufaransa.

Wasurealisti walimpokea kama pambo. Walikosea mtu. Joan Miró, aliyekuwa tayari na jina kubwa, alimpa pesa siku moja akamnunulie sigara. Leonora alimrudishia na kumwambia aende mwenyewe. Uzeeni alieleza kwamba hakuwa na wakati wa kuwa chemchemi ya mawazo ya mwanamume yeyote, kwani alikuwa akijifunza kuwa msanii. Katika picha aliyojichora miaka hiyo, ambayo sasa imo katika jumba la makumbusho la Metropolitan, New York, ameketi akimnyooshea mkono fisi jike. Fisi, ambaye katika ngano zetu ni mlafi na mpumbavu, kwake alikuwa ndugu.

Vita vilipozuka mwaka wa 1939, Ernst alizuiliwa Ufaransa kwa kuwa Mjerumani. Aliachiliwa, kisha akakamatwa tena mwaka uliofuata. Leonora alibaki peke yake kijijini Saint-Martin-d'Ardèche, akawa hali chakula ila kidogo mno, na hatimaye akatorokea Uhispania huku majeshi ya Hitler yakisonga mbele. Jijini Madrid akili yake iliachia. Kwa idhini ya familia yake alipelekwa katika hospitali moja ya Santander, akafungwa kitandani na kudungwa kadiazoli, dawa iliyosababisha mtukutiko kama wa kifafa.

Familia iliamua apelekwe katika hospitali nyingine Afrika Kusini. Alipofikishwa Lisbon kungojea meli, aliingia mkahawani, akatokea mlango wa nyuma, akapanda teksi hadi ubalozi wa Mexico. Humo alikuwamo Renato Leduc, mshairi na mwanadiplomasia waliyejuana Paris. Walioana mwaka wa 1941 ili apate hati za kusafiri. Ernst naye alikuwa Lisbon, lakini sasa akifuatana na tajiri wa Marekani, Peggy Guggenheim.

Leonora aliyaandika mateso ya Santander, na mwaka wa 1944 yakachapishwa na jarida la Wasurealisti waliokuwa uhamishoni New York. Huenda walitarajia habari za safari ya kuajabiwa. Walichopata ni habari za kamba, sindano, uchafu na hofu.

Alihamia Mexico, wakaachana na Leduc, akaolewa na mpigapicha kutoka Hungary, Chiki Weisz, wakapata wana wawili. Huko alichora kwa zaidi ya nusu karne, akishirikiana kwa karibu na mchoraji Remedios Varo, mkimbizi kutoka Uhispania. Jikoni mwao palipikwa vyakula na kujaribiwa uganga kwa pamoja. Waliomwomba aeleze maana ya picha zake aliwakatalia.

Alifariki Mexico City mnamo Mei 2011, akiwa na miaka 94. Mnamo Mei 2024, mchoro wake wa 1945, ‘Les Distractions de Dagobert’, uliuzwa mnadani New York kwa dola milioni 28.5.