Pikipiki ya Njia Zote: Faida na Hasara Zake kwa Mkulima wa Karafuu

Karafuu zikipata bei nzuri, mkulima hupata fedha nyingi kwa mkupuo mmoja, na fedha za mkupuo hazikosi pa kwenda. Mmoja huezeka nyumba, mwengine hulipa ada za watoto, na siku hizi wako wanachama, hasa vijana, wanaotaka kununua pikipiki kubwa za safari, zile zisifiwazo kuwa hupita lami, mchanga, tope na mlima bila ya kuchagua. Wanauliza: je, yafaa mtu kutoa fedha zake? Tumeona bora tulieleze jambo hili kwa utaratibu, faida zake na hasara zake, ili kila mwanachama aamue mwenyewe akiwa na habari kamili.

Kwa mfano wetu tumechagua milima ya Uluguru, Morogoro. Huku Unguja na Pemba vilima vyetu havifiki mita 150, na pikipiki yo yote iliyo nzima huvipanda. Chombo hupimwa penye taabu. Milima ya Uluguru imesimama nyuma ya mji wa Morogoro, na kilele chake kirefu chapita mita 2,600. Upande wake wa mashariki, unaopata mvua nyingi zaidi, wako wakulima wenzetu wa Mkuyuni, Kinole, Matombo na Tawa, ambao hulima karafuu, mdalasini, pilipili manga na iliki, pamoja na ndizi na mananasi. Shida yao ni ile ile yetu, ila kubwa zaidi: karafuu ziko juu, na mnunuzi yuko chini.

Ni pikipiki ya namna gani?

Pikipiki ya njia zote ni ile iliyoundwa kwa lami na kwa udongo pia. Huwa ndefu kwenda juu, ili tumbo lake lisigonge mawe. Springi zake hubonyea sana, usukani wake ni mpana, na gurudumu lake la mbele ni kubwa, inchi 19 au 21, kwa hiyo halizami upesi shimoni kama lile la inchi 17. Tangi lake hubeba mafuta mengi, na ubavuni huwekwa masanduku ya mizigo.

Aina hii ilipata sifa kwa mashindano ya kutoka Paris mpaka Dakar. Mashindano ya kwanza, yaliyomalizika Januari 1979, yalishindwa kwa pikipiki ya Yamaha XT500 yenye silinda moja tu. Mwaka 1980 kampuni ya BMW ilitoa R80G/S, ambayo wengi huihesabu kuwa mama wa pikipiki kubwa za safari, na mwaka 1981 ikashinda mashindano hayo. Tangu hapo viwanda vimekuwa vikiongeza nguvu, na uzito nao ukaongezeka.

Lakini Afrika Mashariki ilikuwa na pikipiki zake za njia zote, ndogo zaidi. Mabwana shamba, waganga na wahubiri walizoea Honda XL 125 na Yamaha DT 125, na kwa pikipiki hizo walifika vijiji ambavyo gari halikufika. Tusizisahau hizi, maana tutazirudia.

Faida zake

Faida ya kwanza ni kwamba chombo kimoja hutosha kwa njia mbili. Mjini Morogoro mtu hupita lami. Akishika njia ya Kisaki kupitia Mkuyuni, Matombo na Mvuha, huingia katika barabara ambayo kwa miaka mingi imekuwa ya udongo. Akiiacha hiyo na kupanda kuelekea mashambani, hukuta vijia vilivyochimbwa na maji ya mvua, vyenye mawe na mizizi. Pikipiki ya mjini hupiga tumbo chini hapo. Yenye springi ndefu hupita.

Faida ya pili ni nguvu ya kupandia. Kadiri mtu anavyokwenda juu hewa huwa nyepesi, na injini yo yote isiyosukumiwa hewa hupoteza kiasi cha sehemu moja katika kumi ya nguvu zake kwa kila mita 1,000. Injini ndogo yenye mzigo, ikipanda kwa mfano kwenda Mgeta upande wa magharibi wa milima, hulazimika kwenda kwa gia ya kwanza mwendo mrefu, na hupata joto. Injini kubwa zaidi haioni taabu hiyo.

Faida ya tatu yatuhusu sisi hasa. Karafuu ni mzigo unaoifaa pikipiki. Kilo tatu hivi za karafuu mbichi, zikikauka, hubaki kilo moja, na kilo hiyo ina thamani kubwa. Mwenye ndizi au mananasi hubeba maji mengi kwa bei ndogo, na nauli humlia faida. Mwenye gunia la kilo 50 la karafuu kavu huweza kulipia mafuta ya safari na asione pengo.

Faida ya nne haihesabiki kwa shilingi. Mgonjwa akizidiwa usiku, au mama akishikwa na uchungu katika kijiji kisichofikiwa na gari, pikipiki yaweza kuwa ndiyo njia ya pekee ya kumfikisha hospitali.

Hasara zake

Hasara iliyo kubwa ni uzito. BMW R1250GS ikiwa na mafuta ina kilo 249. Yamaha Ténéré 700, inayohesabiwa nyepesi miongoni mwa pikipiki kubwa, ina kilo 204 hivi. Pikipiki za kawaida za bodaboda, kama Boxer na TVS, huwa na nusu ya uzito huo wa kwanza. Tofauti hii haionekani dukani. Huonekana pale udongo mwekundu unapolowa, gurudumu likateleza, na chombo kikalala mtaroni. Ya kilo 120 mtu mmoja huinyanyua akaendelea. Ya kilo 249, pamoja na gunia, humngoja mpita njia. Na mguu wa mwenye nayo ukiwa umebanwa chini, kungoja si jambo dogo.

Ya pili ni urefu. Kiti kilicho juu ya sentimita 85 humfanya mtu wa kimo cha wastani aguse chini kwa vidole tu. Kwenye lami si kitu. Kwenye mteremko wenye mawe, mtu asiyefikisha nyayo chini huanguka akiwa amesimama.

Ya tatu ni fundi na vipuri. Klachi, cheni, sproketi na plagi za pikipiki za bodaboda hupatikana hata katika maduka madogo, na vijana wengi huzifungua chini ya mwembe. Pikipiki kubwa za leo huendeshwa kwa umeme wa ndani na vipimo vya kompyuta. Ikizimika, fundi wa kijiji hana pa kushika, na kipuri huenda kikaagizwa ng'ambo. Karafuu haingoji kipuri. Ikichanua mtini, imekwisha.

Ya nne ni mafuta. Tuseme mkulima ana safari ya kilomita 80 kwenda na kurudi, mara tatu kwa wiki, jumla kilomita 240. Pikipiki ndogo inayokwenda kilomita 45 kwa lita itataka lita 5 na kidogo. Kubwa inayokwenda kilomita 20 kwa lita itataka lita 12. Kwa msimu wa wiki 12, tofauti ni lita 80. Mwanachama azidishe kwa bei ya mafuta ya siku hiyo, ataona ni karafuu kiasi gani zimeungua.

Ya tano ni tairi. Tairi ya kati na kati, nusu ya lami na nusu ya udongo, haifanyi vyema kabisa po pote. Kwenye tope hujaa udongo na kuwa laini kama kigae. Yenye kashata kubwa hushika tope, lakini kwenye lami hulika upesi na husimama kwa taabu wakati wa mvua.

Yuko atakayesema kuwa anaitaka kubwa kwa safari ndefu ya lami, kutoka Dar es Salaam mpaka Morogoro. Tumwambie kuwa barabara ile hujaa malori yaendayo Zambia na Kongo, na mwenye pikipiki hapo ni mnyonge. Tangu Juni 2024 treni ya umeme hufanya safari hiyo kwa muda usiofika saa mbili. Kwa safari hiyo pekee, kununua chombo kikubwa ni hasara.

Ushauri wetu

Tukipima yote, twaona kuwa kwa mkulima uwezo wa kupita njia zote hautokani na ukubwa wa injini. Watokana na wepesi wa chombo na urahisi wa kukitengeneza. Kwa hiyo wengi wetu tutafaidika zaidi na pikipiki nyepesi ya njia zote, ya cc 125 mpaka 250, au na ile ya kawaida ya bodaboda iliyofungwa tairi za kashata na sproketi ya nyuma yenye meno mengi zaidi. Sproketi hiyo hupunguza mbio, lakini huongeza nguvu ya kupanda, na mlimani mbio hazina kazi.

Atakayenunua, ya namna yo yote, na ashike haya:

1. Kofia ngumu kwa mwendeshaji na kwa abiria. Uchunguzi uliokusanya tafiti nyingi umeonyesha kuwa kofia hupunguza hatari ya kufa kwa asilimia 42 na ya kuumia kichwa kwa asilimia 69.

2. Kwenye mteremko ushuke kwa gia ndogo, injini ikuzuie. Anayeshikilia breki njia nzima huzipasha moto mpaka zikaacha kushika. Mwenda pole hajikwai.

3. Gunia lifungwe chini na karibu na mwili wa mwendeshaji, mbali na ekzosi, nalo lifunikwe turubai. Karafuu ikilowa huingia ukungu, na ikikaa na dumu la petroli huchukua harufu, bei ikaanguka.

4. Penye gunia hapana abiria, na mishikaki isifanywe kabisa.

5. Leseni na bima viwe tayari kabla ya safari ya kwanza. Mwenye pikipiki iliyosajiliwa Visiwani aulize mamlaka za mapato kabla ya kuipakia melini kwenda Bara.

Mwisho, kabla ya kulipa, mwanachama afanye majaribio matatu. Ailaze pikipiki chini kwenye majani, kisha ainyanyue peke yake. Aweke gunia lake kwenye keria, apande, aone kama nyayo zake zagusa ardhi. Kisha amuulize fundi wa kijijini kwake kama amewahi kuifungua injini ya namna ile. Majibu matatu yakiwa mazuri, na anunue kwa moyo mweupe. Moja likiwa baya, fedha zake na zikae benki mpaka apate chombo kinachomfaa.